Siku Tuliyomnyima Wakili Purdy Kura

Watu wa Fallowfield walisema Alanson Purdy ana kalamu mbili, ingawa mimi niliyekuwa jirani yake sikuwahi kuona zaidi ya moja. Kalamu ya kwanza ilikuwa ya siasa. Kwa kalamu hiyo aliwaandikia wabunge, wahariri, mahakimu na wakubwa wa chama Ohio nzima, na barua zenyewe zilikuwa laini, zimejaa heshima, na ukimaliza kuzisoma hujui bwana huyu yuko upande gani. Umuulize habari za watumwa, yeye anakujibu habari za reli. Mimi, Jotham Sprague, ni fundi wa matandiko ya farasi, napenda uzi uonekane umepita wapi, na nilimwambia usoni, "Wakili, barua zako hazina mshono."

Akacheka. "Jotham, ukionyesha mshono mtu atajua pa kufumulia."

Kalamu ya pili ilikuwa ya nyumbani. Hiyo ndiyo aliyomwandikia mkewe, Lovisa, ambaye wakati ule alikuwa Cleveland akimuuguza mama yake. Barua hizo zina nini ndani, hakuna aliyejua. Alizipiga lakiri mwenyewe na kuzipeleka posta kwa mkono wake.

Sasa, kwetu kaunti ya Tamarack, mtu anayetaka chama kimteue kwenda Bunge la Washington hakanyagi mkutanoni. Ni aibu kujitembeza kama ng'ombe wa mnada. Mwenye heshima hukaa nyumbani, akajifanya hana habari kwamba kuna mkutano, akaleta barua. Barua ile haiguswi na mtu mpaka wajumbe wote wameketi, ndipo katibu huvunja lakiri mbele ya macho yao na kuisoma. Ya mshindi huchapishwa gazetini neno kwa neno. Ya aliyeshindwa hupigwa lakiri tena na kurudishwa kwa mwenyewe, isisomwe na mwingine, ili asiaibike mara mbili. Na katibu nilikuwa mimi. Hawakunichagua kwa elimu, walinichagua kwa sauti.

Mwaka ule wa 1852 Purdy alikuwa na hakika ya kushinda. Kiti cha Washington alikitamani tangu alipokuwa kijana asiye na ndevu, na kila barua laini aliyoandika maishani aliiandika kwa ajili ya siku ile. Mpinzani wake alikuwa Meja Tolliver, tajiri mmoja mzito wa maneno, na nyuma ya Tolliver alisimama Shemasi Barzillai Crane na wakulima wote wa kusini mwa kaunti. Shemasi alikuwa mfuga kondoo, mtu wa mifupa mikubwa, na alivyowachukia wapinga utumwa! Aliwatukana sokoni, aliwatukana kwa mhunzi, na kanisani aliwaombea kwa namna ambayo usingetaka kuombewa. Mimi na yeye tulikuwa hatusalimiani ila kwa kuguna.

Basi tukajaa ukumbi wa mahakama, mia tatu hivi, koti kwa koti, harufu ya tumbaku na buti zilizolowa. Barua ya Tolliver niliisoma kwanza, mistari minne, haina dhambi wala faida. Kisha nikainua ya Purdy. Watu wetu wa upande wa Purdy wakapiga makofi kabla sijaigusa lakiri. Nikaivunja, nikakunjua karatasi, nikasafisha koo, nikanguruma kwa sauti yangu yote:

"Mpenzi wangu Lovisa!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mtu mmoja pale nyuma akajibu kwa sauti nyembamba ya kike, "Naam, mume wangu!" Wengine wakawa wanapiga sakafu kwa fimbo. Mimi nilisimama pale masikio yakiniwaka. Nilijua mara moja kilichotokea, kwani nilimfahamu jirani yangu. Purdy alikuwa na mazoea ya kuandika anwani kwenye bahasha kwanza, kisha barua. Asubuhi ile aliandika mbili, akazitia kila moja katika bahasha ya mwenziwe. Na kwa kuwa desturi yetu hairuhusu mtu kuchungulia, hakuna aliyeweza kuligundua kosa. Lovisa aliniambia baadaye kwamba alipofungua yake kule Cleveland na kukuta "Waheshimiwa wajumbe, kuhusu suala la reli," alidhani mumewe ameingiwa na wazimu.

"Bwana Mwenyekiti," nikasema, "hii ni ya mkewe. Naomba niikunje."

Shemasi Crane akainuka kule kusini mwa ukumbi, uso umejaa furaha ya mtu aliyemnasa adui. "Ati uikunje! Kanuni inasemaje? Barua ikivunjwa lakiri inasomwa mpaka mwisho. Miaka yote tunasikia habari za reli, leo ndiyo tuambiwe tuzibe masikio? Soma, Sprague!"

"Shemasi, mtu ana haki ya siri zake na mkewe."

"Mbunge hana siri. Soma, au umpe anayejua kusoma!"

Wakapiga kelele wote, wake na wetu pia, kwa sababu binadamu ni binadamu. Mwenyekiti akaniashiria kwa kichwa nisome, huku anajizuia kucheka. Nikasoma. Nitawapa kama ninavyoikumbuka, na naikumbuka vizuri.

"Mpenzi wangu Lovisa. Nimefanya jambo bila kukuuliza. Juzi mwanamke aligonga mlango wa jikoni. Ametembea kutoka Kentucky, mtoto wake mgongoni. Wewe wanijua mimi ni mtu wa sheria. Nilikwisha kufungua kinywa nimwambie aende kwingine, na maneno mazuri nilikuwa nayo tayari, maana hayo siyakosi kamwe. Lakini mtoto alikuwa anatetemeka kwa homa, Lovisa, na mikono yangu ikampokea kabla kinywa hakijasema."

Kicheko kilikatika. Hakikupungua kidogo kidogo, kilikatika. Sheria ya watoro iliyopitishwa Washington ilikuwa inajulikana na kila mtu mle ndani: anayemficha mtoro anakwenda jela, na mtoro anarudishwa kwa minyororo. Nilitaka kunyamaza. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na, niseme ukweli, sauti yangu ilikuwa imeanza kwenda yenyewe. Miaka yote nilikuwa jirani ya mtu huyu na sikuwahi kumsikia akizungumza.

"Nimemlaza mtoto kitandani mwa Electa. Nimetandua lile shuka ambalo mimi na wewe hatukuthubutu kuligusa. Unisamehe. Nilipomfunika akaniuliza kitanda hiki ni cha nani. Nikamwambia ni cha binti yangu. Akauliza, atarudi saa ngapi? Nikamwambia hatarudi. Akafikiri kidogo, kisha akasogea mpaka ukutani, akaacha nusu ya kitanda wazi. Nikamwuliza, mbona umejibana? Akasema, akirudi, apate pa kulala."

Hapo nilishindwa. Lazima mjue kwamba majira ya baridi ya mwaka uliotangulia homa ya koo ilipita Tamarack nyumba kwa nyumba. Electa Purdy alikuwa wa kwanza tu. Hakuna benchi katika ukumbi ule ambalo halikuwa na mtu mwenye kitanda kitupu nyumbani. Nilitazama juu ya karatasi nikaona wanaume mia tatu wameinamisha vichwa, na sijawahi kanisani, wala mazishini, kuona kimya cha namna ile. Kilinitisha. Nilihisi kama nimefungua mlango wa chumba nisichostahili kuingia, na nyuma yangu ameingia kila mtu.

Nikageuza ukurasa. Ndipo nikamwona Rusk Dabney mlangoni.

Dabney alikuwa askari wa serikali kuu. Alikuwa amefika mjini jana yake, farasi wake amechoka, akiulizia mwanamke na mtoto. Sasa alisimama akikung'uta matope ya buti zake, akitabasamu, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye mstari unaosema: "Watakaa chumba cha juu mpaka nipate gari la kuwafikisha ziwani, maana ng'ambo ya maji ni Kanada."

"Na kuhusu reli," nikanguruma.

Sijui yalitoka wapi. Nilisoma kitu ambacho hakikuwepo. "Kuhusu reli, waheshimiwa, maoni yangu ni kwamba reli ni kitu cha maana sana, kwa kuwa ni ndefu, na, na inakwenda mbali. Na ushuru, waheshimiwa, usiwe mkubwa mno wala mdogo mno..."

Mtu mmoja tu angekohoa vibaya, mmoja tu angesema "Alaa!", yangekuwa yamekwisha. Nilimtazama Shemasi Crane. Yeye ndiye niliyemwogopa. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu. Akasimama taratibu, akashika mgongo wa benchi la mbele yake, akapaza sauti.

"Reli, reli! Kila mwaka reli! Mwambie atueleze bei ya sufu!"

"Kaa chini, Shemasi!" wakajibu watu wetu, kwa hasira ileile ya kila mwaka, na ukumbi wote ukaanza kuzozana juu ya sufu na ushuru kama kwamba ndicho tulichokuwa tukizungumza tangu asubuhi. Hakuna aliyewafundisha. Hakuna aliyekonyeza jicho.

Dabney akatembea katikati ya mabenchi. "Nilidhani mna msiba humu. Nje nilisikia kimya."

"Tulisinzia," Shemasi akamwambia. "Wewe hujawahi kusomewa barua ya Purdy."

Askari akacheka, kisha akaninyooshea mkono. "Hebu niione, katibu. Nimeambiwa huyu wakili ana moyo mlaini. Napenda kuona mwandiko wa mtu mwenye moyo mlaini."

"Haiwezekani," mwenyekiti akasema. "Kanuni. Mpaka kura ipigwe, haitoki mkononi mwa katibu. Ya mshindi itakuwa gazetini kesho."

"Na mshindi ni Purdy, mji mzima unajua." Dabney akavuta kiti karibu na jiko. "Sina haraka. Nitamsubiri mhariri aje kuichukua, tuisome pamoja."

Purdy akishinda, barua inakwenda kwa mhariri, neno kwa neno. Njia ya kuificha ilikuwa moja, na nikaiona, na moyo wangu ukaikataa. Aliyeisema ni Shemasi Crane.

"Bwana Mwenyekiti, kondoo wangu wana kiu. Natoa hoja tupige kura sasa, kata moja moja. Na nasema hivi." Akageuka, akawatazama watu wetu, mmoja baada ya mmoja, hakuharakisha. "Mtu aliyeandika barua hii asipate kura. Asipate hata moja. Yeyote aliyeisikia kwa masikio yake mawili, asimpe."

Kufa kufaana, nikajisemea. Amepata anachotaka, mnafiki mkubwa huyu! Machozi ya watu hayajakauka na yeye anayachota kumpikia Tolliver. Nilitamani nimpige na kinara cha mshumaa. Lakini nilikuwa na karatasi mkononi na Dabney karibu na jiko anaota moto, nami nikaanza kuziita kata.

Kata ya kwanza ilikuwa yetu wenyewe, watu waliokula mezani kwa Purdy, watu aliowatetea mahakamani. Msemaji wao alisimama, akasema, "Tolliver." Ya pili, "Tolliver." Mzee mmoja aliyekuwa amembeba Purdy mabegani uchaguzi uliopita alisema jina lile kisha akaketi na kujifunika uso kwa kofia. Ziliitwa zote. Mwisho akabaki katibu, naye hupiga kura yake akiwa amesimama, kila mtu akimwona.

"Tolliver," nikasema.

Nikaipiga barua lakiri mbele yao. Dabney alipiga mluzi. "Hata moja! Kumbe hapendwi hivyo?"

"Hapendwi kabisa," mtu akamjibu.

Nilimkuta Purdy jikoni kwake, amevaa koti jipya, buti zinang'aa, anajifanya anasoma. Alikuwa ameandaa hata bilauri kwa ajili ya ujumbe wa kumpongeza. Akaniona niko peke yangu, akaweka kitabu chini.

"Tolliver," nikasema.

"Kwa kura ngapi?"

"Zote."

Akaisukuma bilauri kando. "Zote. Hata yako, Jotham?"

"Hata yangu."

Nikampa bahasha. Akaivunja, akaona mstari wa kwanza, akakaa chini. "Nani amesoma hii?"

"Mimi. Kwa sauti. Waliisikia wote."

"Na Dabney?"

"Dabney alisikia reli. Ushuru pia. Nilikutungia, si vizuri sana." Nikamwona ameanza kuelewa. "Ungeshinda, wangeichapisha, Alanson. Kwa hiyo hukushinda."

"Wote walinificha?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Hata watu wa Crane? Nimewaandikia watu hawa miaka ishirini, Jotham, nikiwaficha nilivyo, kwa kuogopa wakinijua hawatanitaka." Akailaza ile barua mezani na kuifunika kwa viganja vyote viwili.

Mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Shemasi, kofia kichwani, bila kututazama.

"Nina sufu ya kupeleka bandarini, kule ziwani," akasema. "Kuna nafasi chini ya magunia."

Nilishindwa kufunga mdomo. "Shemasi, wewe?"

"Nyamaza, Sprague. Sijabadilika. Bado naona watu wa aina ya Purdy watakuja kuivunja nchi hii." Akaivuta kofia chini. "Lakini Dabney hawezi kupekua gari langu. Nimewatukana wapinga utumwa maisha yangu yote, mji mzima shahidi. Basi matusi hayo na yafanye kazi leo."

Mwanamke akashuka ngazi. Jina lake Delphy, mwembamba, miguu imefungwa vitambaa, na binti yake Letty amemshika sketi. Alikuwa amesikia. Akasimama mbali na Shemasi, akamtazama juu mpaka chini.

"Huyu ni rafiki yako?" akamwuliza Purdy.

"Hapana," Purdy akasema. "Hakubaliani nasi hata kidogo."

"Naona." Akamgeukia mwenyewe. "Mzee, una watoto?"

"Nilikuwa nao wawili."

"Wako wapi?"

"Kilimani, nyuma ya kanisa." Kisha akaongeza, kwa shida, akimtazama Letty, "Mmoja alikuwa kimo chake."

Delphy alifikiri. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumharakisha, kwani shingo iliyokuwa ikipimwa pale ilikuwa yake na ya mwanawe, si yetu. "Walionichekea ndio walioniuza," akasema. "Aliyenilea kwa maneno matamu ndiye aliyeuza kaka zangu. Wewe umenuna, na hujanidanganya kitu. Nitapanda gari lako."

Shemasi akanyoosha mikono kumpokea mtoto, akaiona ni michafu ya sufu, akaifuta kwenye suruali, akanyoosha tena. Letty akaenda.

Mama na mtoto walipokwisha kulala chini ya magunia, Shemasi aliniambia nikae naye mbele, tuonekane tunagombana kama kawaida. Hatukuwa na njia nyingine ila ile ipitayo mbele ya mahakama, na ulikuwa mchana mweupe. Wajumbe walikuwa wamejaa ngazini na barabarani, sharubati ya tufaha mikononi, mzinga umeshatiwa baruti kumpongeza Tolliver. Dabney alikuwa katikati yao. Kila mtu pale alijua shamba la Crane liko kusini. Gari lilikuwa linaelekea kaskazini, upande wa ziwa.

Mazungumzo yakazimika tulivyokaribia. Nilitazama mbele. Mzinga ukalia, farasi wakashtuka, Shemasi akawatuliza kwa sauti ya chini. Yule mzee wa kata yetu ndiye aliyeanza: akavua kofia. Aliye kando yake akavua. Ikaenda hivyo ngazi kwa ngazi, watu wa Purdy na watu wa Tolliver, mpaka barabara nzima ilikuwa vichwa vitupu kwenye baridi, na hakuna aliyesema neno, na gari la sufu likapita katikati yao polepole.

Dabney akatazama kulia na kushoto. Akaona ni yeye peke yake aliyebaki na kofia, naye akaivua.